Makumbusho na Urithi wa Nchi ya Chai: Kutoka Fort Ternan hadi Chepilat

Barabara itokayo Kericho kwenda Kisii hupita Litein, Kapkatet na Sotik kabla ya kufika Chepilat, mji mdogo wa biashara uliokaa juu ya mpaka wa kaunti za Bomet na Nyamira. Upande mmoja wa mpaka wanaishi Wakipsigis, upande wa pili Abagusii, na pande zote mbili ni chai. Historia ya nchi hii haikuandikwa na wenyewe hadi karne ya 20. Ilikaa katika vitu na vinywani mwa watu: kibuyu cha maziwa, chombo cha muziki, mkanda wa mama, fimbo ya mzee, jina la rika. Wageni walianza kukusanya na kunakili vitu na habari hizo mapema, na sehemu kubwa ikapelekwa mbali. Makumbusho ya mikoani nchini Kenya yalizuka polepole kama njia ya kuweka kumbukumbu za watu karibu na watu hao, na kazi hiyo bado haijakamilika, hasa katika nchi ya chai.

Boma la Mkipsigis wa karne ya 19 lilikuwa na vitu vichache, lakini kila kimoja kilibeba habari. Mbele ya nyumba palisimama mabwaita, madhabahu ya matawi ambapo familia iliomba na kufanya ibada za ndoa na za jando. Ndani kulikuwa na sotet, kibuyu kirefu cha kugandishia mursik, ambacho husafishwa na kupakwa ndani masizi ya mkaa wa mti wa senetwet ili maziwa yapate harufu yake na yasiharibike upesi. Mwanamume alijulikana kwa rika lake. Marika ya Wakipsigis ni saba, nayo huzunguka: Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kaplelach, Kipnyige na Nyongi, kisha Maina tena baada ya takriban karne moja. Mzee aliyetaka kutaja wakati wa tukio hakuhesabu miaka. Alitaja rika lililokuwa likishika silaha wakati huo. Wanahistoria wa baadaye walitumia mzunguko huohuo kukadiria tarehe za matukio yaliyotangulia maandishi.

Mojawapo ya matukio hayo ni vita vya karibu mwaka 1890 kando ya mto Mogori. Jeshi la Wakipsigis lililokwenda kuteka ng'ombe lilivunjwa na Abagusii pamoja na washirika wao, na vijana wengi mno wakafa. Wakipsigis huviita vita vya Mogori. Abagusii huvikumbuka kwa jina la Saosao. Msiba wa boma moja ni ushindi wa boma la jirani, na masimulizi yote mawili ni ya kweli kwa wanaoyasimulia. Jambo hili linafaa kukumbukwa na yeyote anayepanga kuonyesha historia mahali kama Chepilat.

Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, utawala wa Waingereza uliingia milimani kwa haraka. Mwaka 1905 kikosi cha serikali kilichoongozwa na afisa Richard Pope-Hennessy kiliingia Sotik kuwaadhibu Wakipsigis kwa sababu ya ng'ombe waliokuwa wamewateka kwa Wamaasai. Idadi ya waliouawa inayotajwa mara nyingi ni takriban watu 1,850, na maelfu ya ng'ombe walichukuliwa. Mwaka huohuo, tarehe 19 Oktoba, upande wa kaskazini, afisa wa Waingereza Richard Meinertzhagen alimuua orkoiyot, yaani kiongozi wa kiroho, wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, katika mkutano ulioitwa wa amani. Ukoo wa Talai, ambao ndio uliotoa viongozi wa kiroho wa aina hiyo, uliandamwa pia miongoni mwa Wakipsigis. Kipchomber arap Koilegen alihamishiwa Fort Hall, Murang'a ya leo, mwaka 1914, na hakurudi. Sheria ya mwaka 1934 iliwaondoa Talai kwa pamoja, wake kwa waume na watoto, na kuwapeleka Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, mahali pa mbung'o na malaria. Waliruhusiwa kurudi mwaka 1962.

Ardhi nayo ilibadili wenyewe. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ekari 25,000 za Kericho zilitolewa kwa maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani ili walime kitani. Bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa, na ardhi hiyo haikurudishwa kwa Wakipsigis. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalikuwa yakipanda chai. Kusini, mashamba ya walowezi wa Sotik yaliwekwa katikati ya Wakipsigis na Abagusii kama ukuta. Uhuru ulipokaribia, mashamba hayo yaligawanywa kuwa maskani mapya, Wakipsigis wakapewa upande wa Sotik na Abagusii upande wa Borabu, na mpaka unaopita Chepilat ukapata sura yake ya leo.

Katika kipindi hichohicho habari za Wakipsigis zilianza kuandikwa. Ian Orchardson, Mwingereza aliyefika Kericho mwaka 1910, aliishi na kuoa miongoni mwa Wakipsigis na kukusanya maarifa mengi kuhusu sheria, dini na marika yao. Muswada wake ulikamilika miaka ya 1930, lakini ulichapishwa mwaka 1961 tu, tena kwa ufupisho uliofanywa na A. T. Matson. J. G. Peristiany alitoa kitabu chake juu ya taasisi za kijamii za Wakipsigis mwaka 1939. Baada ya uhuru wasomi wa Kenya wenyewe walishika kalamu: Henry Mwanzi alichapisha historia ya Wakipsigis mwaka 1977, na Taaitta Toweett, mwanasiasa na mwanaisimu kutoka Kericho, akatoa masimulizi ya mapokeo yao mwaka 1979. Vitabu hivi ni hazina. Hata hivyo, mtoto wa shule ya msingi ya Sotik hawezi kushika kitabu cha mwaka 1939 akaelewa uzito wa kibuyu cha bibi yake.

Tukio la kukusanya linalojulikana zaidi kutoka nchi ya chai lilihusu sauti, si vitu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyefanya kazi zake kutoka Afrika Kusini, alifika Kapkatet na mashine ya kunasia sauti. Miongoni mwa nyimbo alizonasa zilikuwa zile zilizoitwa Chemirocha. Santuri za Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, zilikuwa zimefika vijijini pamoja na gramafoni. Wasikilizaji walilitamka jina lake kwa njia yao, wakamgeuza kuwa kiumbe nusu mtu nusu swala, na wasichana wakamtungia wimbo unaosindikizwa na chepkong, chombo cha nyuzi cha jamii moja na nyatiti ya Wajaluo na obokano ya Abagusii. Wimbo huo ukawa maarufu miongoni mwa wapenzi wa muziki wa Afrika duniani kote. Rekodi zenyewe zilihifadhiwa katika maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954 na ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Kwa zaidi ya miaka 60, msikilizaji wa London au Tokyo aliweza kuipata sauti ya Kapkatet kwa urahisi kuliko mtu wa Kapkatet mwenyewe. Katika muongo wa 2010 maktaba hiyo, ikishirikiana na mradi wa Singing Wells na studio ya Ketebul ya Nairobi, ilirudisha nakala. Watafiti walifika vijijini, wakawatafuta waliorekodiwa na jamaa zao, na wakawakuta baadhi ya waimbaji wa mwaka 1950 wakiwa hai, sasa wazee sana, wakisikia sauti zao za ujana.

Ardhi ya kaunti ya Kericho ilitoa pia kitu cha zamani zaidi. Mwaka 1961, katika shamba la Fred Wicker huko Fort Ternan, yalipatikana mabaki ya mnyama wa jamii ya nyani wakubwa aliyeishi takriban miaka milioni 14 iliyopita. Mtaalamu wa visukuku Louis Leakey alimpa mnyama huyo jina la Kenyapithecus wickeri mwaka 1962, na kwa muda mabaki hayo yalikuwa katikati ya mjadala wa dunia juu ya asili ya binadamu. Visukuku hivyo vilipelekwa Nairobi, na kwa sababu nzuri: vinahitaji vyumba salama na wataalamu wa kuvisoma. Lakini hata nakala za plasta zingetosha kumwonyesha mwanafunzi wa Kipkelion kwamba sayansi kubwa ilifanyika karibu na kwao.

Nairobi ndiko makumbusho ya Kenya yalikoanzia. Chama cha wapenzi wa elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka 1909 kilifungua makumbusho madogo mwaka 1910. Baadaye lilijengwa jengo jipya, nalo likafunguliwa mwaka 1930 na kupewa jina la gavana Robert Coryndon. Kwa miaka mingi ndege, wadudu na mawe ndivyo vilivyotawala humo; watu na vitu vyao waliingia kama nyongeza, wakipangwa kwa makabila. Baada ya uhuru jengo hilo likawa makumbusho ya taifa.

Makumbusho ya bara nje ya Nairobi yalianza kwa mtu binafsi. Kanali Hugh Stoneham, mlowezi wa Kitale, alikuwa mkusanyaji wa vipepeo, ndege na vitabu, na mwaka 1926 alifungua makumbusho yake mwenyewe. Alipofariki mwaka 1966 aliliachia taifa mkusanyo huo pamoja na fedha za kuutunza, na mwaka 1974 makumbusho mapya ya Kitale yakafunguliwa. Wahifadhi wake hawakuridhika na makabati ya wadudu. Walijenga nje nyumba za Wanandi, Waluhya, Wajaluo na Wasabaoti, na hivyo mgeni akaweza kuinama kuingia mlangoni na kuona jiko liko wapi, maziwa yanakaa wapi na ng'ombe wanalala wapi. Mwaka huohuo wa 1974 Meru ilipata makumbusho katika ofisi ya zamani ya mkuu wa wilaya. Kisumu ilifuata mwaka 1980 kwa makumbusho yenye boma zima la Kijaluo pamoja na vitu vya Wakalenjin (Wakipsigis, Wanandi na jamaa zao) na majirani wengine. Kapenguria ilifunguliwa mwaka 1993 katika gereza walimofungwa Jomo Kenyatta na wenzake watano, na Kabarnet mwaka 1996 katika nyumba ya zamani ya mkuu wa wilaya. Inafaa kuona kwamba mengi ya majengo haya yaliwahi kuwa ya amri na kifungo. Hata Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa jela hadi miaka miwili kabla ya kuwa makumbusho mwaka 1960.

Kwa miongo kadhaa mtu wa Chepilat aliyetaka kuona urithi wa watu wake katika makumbusho ya serikali alilazimika kusafiri hadi Kisumu au Nairobi. Kericho iliheshimiwa kwa chai yake, na wageni walioletwa huko walionyeshwa mashamba na viwanda. Walioishi hapo kabla ya chai hawakutajwa sana. Hilo halikutokana na uhaba wa vitu wala wa wasimulizi. Ramani ya utalii ilichorwa kwa kufuata wanyamapori, pwani na mashamba makubwa, na fedha zikaifuata ramani.

Machafuko ya mwaka 1992 na yale yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalifika katika mpaka wa Sotik na Borabu. Nyumba na maduka yalichomwa na familia za pande zote zikakimbia. Kati ya vipindi hivyo viwili lilizuka wazo jipya la makumbusho ambalo lingefaa sana mahali kama hapo. Sultan Somjee, aliyekuwa mkuu wa idara ya ethnografia katika makumbusho ya taifa, aliona katika miaka ya 1990 kwamba kila jamii ya Kenya ina vitu vya kupatanisha: fimbo, miti, majani, kamba, mikanda. Miongoni mwa Wapokot, leketio, mkanda wa ngozi wenye simbi ambao mama huvaa wakati wa uzazi, ukiwekwa chini kati ya wanaopigana, vita husimama, kwa kuwa kila mpiganaji alizaliwa na mwanamke aliyevaa mkanda huo. Jamii nyingine za Kalenjin zina mikanda ya aina hiyo. Somjee aliwasaidia watu wa sehemu mbalimbali kuanzisha makumbusho madogo ya amani, yenye chumba kimoja au viwili, yakisimamiwa na wanajamii wenyewe, ambamo vitu hivyo vilikusanywa na wazee wakaulizwa matumizi yake.

Mfano wa jirani unaonyesha kwamba makumbusho ya jamii yanaweza kudumu. Huko Bujora, karibu na Mwanza, Padri David Clement alishirikiana na Wasukuma kuanzia miaka ya 1950 kuhifadhi ngoma, viti vya enzi na vifaa vya watemi wao. Kituo hicho kiliendelea baada yake kwa sababu vyama vya ngoma vilikiona kuwa chao.

Suala la nani anazungumza ndani ya makumbusho lilijitokeza pia kwa majirani wa Wakipsigis katika msitu wa Mau, yaani Waokiek. Mwaka 1989 mwanaanthropolojia Corinne Kratz alifungua katika makumbusho ya Nairobi maonyesho ya picha za Waokiek, ambayo baadaye yalizunguka Marekani. Alikuwa amewaonyesha Waokiek picha hizo kwanza, na maneno yao wenyewe kuhusu picha yakawekwa ukutani pamoja na maelezo yake. Huo ulikuwa utaratibu wa haki, na ungefaa kuwa kanuni katika kila makumbusho ya mkoa.

Vitu vilivyotoka nje ya nchi vina hesabu yake. Mradi ulioendeshwa kuanzia mwaka 2018 na makumbusho ya taifa ya Kenya pamoja na wasanii na makumbusho ya Frankfurt na Köln uliorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi 30 za nje. Vilivyorudi ni vichache. Kinachogusa zaidi nchi ya Wakalenjin ni fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, zilizokuwa zimekaa Uingereza katika familia ya Meinertzhagen na kurudishwa mwaka 2006. Nandi Hills ina makumbusho na kaburi la heshima la kiongozi huyo. Kwa upande wa Talai wa Kericho, kumbukumbu zimegeuka kuwa ushahidi. Mwaka 2021 wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa waliiandikia serikali ya Uingereza kuhusu dhuluma walizotendewa Wakipsigis na Talai, na hoja za wadai zilisimama juu ya nyaraka za kikoloni pamoja na masimulizi ya wazee waliokuwa watoto Gwassi.

Sheria imebadilika kwa manufaa ya mikoa. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 iliweka utaratibu wa kutangaza na kulinda maeneo ya kihistoria. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa kaunti jukumu la shughuli za utamaduni, maktaba na makumbusho, na kuibakizia serikali ya taifa minara ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Sheria ya mwaka 2016 kuhusu maarifa ya jadi iliongeza kwamba jamii ndiyo yenye maarifa yake, na kwamba ridhaa yake ni lazima kabla ya kuyatumia. Kwa hiyo Bomet, Kericho na Nyamira hazihitaji kusubiri Nairobi. Kinachopungua ni bajeti na watu waliofunzwa.

Kazi yenyewe huanza na daftari. Kitu kinapopokelewa hupewa namba, na namba hiyo huandikwa pamoja na jina la aliyekitoa, ukoo wake, rika lake, mahali kilipotumika, na masharti aliyoyatoa. Kibuyu kisicho na maelezo haya ni kibuyu tu. Kisha hufuata utunzaji. Katika nyumba ya asili moshi wa kuni uliwafukuza wadudu waharibifu, na mikono iliyokishika kitu kila siku ilikipaka mafuta. Ndani ya kabati la kioo ulinzi huo haupo. Ngozi hukauka na kupasuka, mabaki ya mafuta ya maziwa huvuta wadudu, na bungua hula mti. Wahifadhi hufunga vitu vya mti na ngozi katika plastiki na kuvigandisha kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja au zaidi ili kuua mayai na viluwiluwi, kisha huviweka mbali na jua kali na unyevu. Milima ya chai hupata mvua karibu mwaka mzima, hivyo ukungu ni adui mkubwa huko kuliko vumbi.

Vipo pia vitu visivyofaa kuonyeshwa kwa kila mtu. Vifaa na mafundisho ya jando la Kipsigis ni siri ya waliopita humo, wanaume kwa upande wao na wanawake kwa upande wao. Makumbusho yanayoheshimu jamii huyaacha kando, au huyatunza pasipo kuyaonyesha, na uamuzi huo ni wa wazee.

Makumbusho yatakayojengwa Chepilat au karibu nayo hayana budi kuwa ya pande mbili. Chepkong na obokano zikae chumba kimoja, na vita vya karibu 1890 vielezwe kwa majina yote mawili, Mogori na Saosao, na wasimulizi wa kila upande. Jengo la kabila moja mpakani lingesomeka kama dai la ardhi, na hakuna anayelihitaji.

Lakini jengo linaweza kusubiri, wazee hawawezi. Waliozaliwa kabla ya Talai kupelekwa Gwassi sasa wamebaki wachache mno, na waliokuwa wasichana wakati Tracey alipofika Kapkatet wana zaidi ya miaka 80. Simu ya mkononi inatosha kunasa sauti, na daftari la shule linatosha kuandika jina la aliyetengeneza kibuyu, mwaka na mahali. Walimu wa Sotik na Borabu, makanisa na vyama vya wakulima wa chai wanaweza kuanza kuandika kabla ya kaunti kupata kiwanja, na inafaa waanze sasa.